Usikaze

Penye panda ya mti pana ufa.
Dilys anachomeka kadi yake ya maktaba humo,
kadi inazama hadi kwenye jina.
"Mbaya," anasema, anaifuta kwenye suruali, anairudisha mfukoni.

Ledbury, Februari. Nyasi zimekakamaa kwa jalidi.
Mforsadi huu una mashina mawili ya tumbo moja,
gome limebanwa katikati yao
kama shuka la ndugu wanaogombea kitanda.
Bwana Pargeter, mwenye bustani, anataka tutoboe:
babake alitoboa, akapitisha nondo, akakaza nati.
Twamwonyesha nondo hiyo. Mti umeimeza,
nati imebaki nje kama kitovu,
na pembeni yake, ukigonga kwa nyundo ya mpira,
shina linaitika: tupu, tupu.

Leo hakuna keekee, hakuna msumari.
Dilys ananionyesha juu kwa kidole.
Napanda, naipita panda,
kwenye mti uliopandwa na mtu asiyejulikana,
na neno hilo moja linanichekesha huko juu
wala sina wa kumweleza.

Theluthi mbili za kimo, hapo ndipo pa kufunga.
Mkanda ni mpana, laini kama mbeleko,
haumkati abebwaye wala abebaye.
Nilikuwa fundi cherehani Tanga, miaka kumi na mmoja;
najua kiuno hakikai kilivyopimwa,
najua kuficha pindo ndani kwa ajili ya mwakani.
Kati ya mkanda na gome naacha nafasi ya ngumi,
mti ukinenepa usikabwe.

Kisha naivuta kamba.
"Usikaze!" sauti toka chini.
"Ukikaza utaupa uvivu, utasahau kusimama.
Ilegee. Kazi yake ni siku ya dhoruba."

Shekue, mdogo wangu. Mwaka ule wa chupa
nilimfungia kwa komeo, ufunguo shingoni mwangu,
nikalala mlangoni pake kama mbwa
na kuyaita hayo mapenzi.
Alitokea dirishani.
Siku hizi nampigia Ijumaa. Hatuongei mengi:
bei ya saruji, goti la mama.

Nikalegeza inchi nne. Nikaongeza ya tano.

"Ndiyo hiyo tu?" Bwana Pargeter kainua shingo. "Kamba?"
Dilys anaandika daftarini: uzi mwekundu, miaka minane,
kisha ibadilishwe; kila mwaka, majani yakipukutika, tuje tukague.
Hatuahidi kitu, anamwambia. Na benchi lile alisogeze.

Tulikuwa tunapakia ngazi
upepo uliposhuka kutoka vilima vya Malvern.
Mashina yakaachana, kila moja na upande wake.
Kamba ikanyooka,
ikakaa hivyo kwa pumzi moja,
ikalegea.