Masharubu

Binti yetu Shahenda ndiye aliyelipa.
Siku nne Dahab, hoteli yenye paka saba,
na karatasi ya somo la kwanza la kuzamia, watu wawili.
"Mkapumzike," alisema kwenye simu
kwa sauti ya mtu anayefunga faili.

Mimi ni karani wa ardhi, Asyut.
Miaka thelathini nimepima mipaka ya ndugu waliogombana,
na maji niyajuayo ni ya mfereji,
yanafika magotini yakaishia hapo.

Mwalimu, Sweilam, ana umri mdogo kuliko viatu vyangu vya harusi.
Hupita pekupeku juu ya changarawe ya moto
kama anayevuka zulia la mama yake.
Tema mate kwenye kioo, anasema.
Natema. Napaka. Nasuuza. Navaa.
Maji yananiingia puani kabla sijahesabu tatu.
Anakaza mkanda. Yanaingia.
Anabadilisha barakoa. Yanaingia.
Ananitazama kwa adabu, kama daktari
aliyeona kwenye picha kitu asichotaka kukitaja:
"Ni masharubu, mjomba. Yanawaachia mlango wazi."

Nimeyafuga tangu kabla ya kumwoa Nagwan.
Yamo kwenye kitambulisho.
Waliosema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga
hawakugusia masharubu.

Basi wakashuka wao wawili.
Nagwan, mtungi mgongoni,
mwanamke asiyepanda lifti,
anayeshuka ngazi za kwetu akishika ukuta,
hakugeuka hata mara moja.
Mimi nikapewa mrija na kamba ya boya
nielee juu kama kifuniko cha sufuria.

Kwanza nilisikia pumzi yangu tu,
nzito, ya ng'ombe mgonjwa.
Kisha sakafu ikaanguka.
Matumbawe yaliisha ghafla, kama ukingo wa paa,
na ng'ambo yake samawati
isiyo na hati wala mpimaji.
Pono walikuwa wakitafuna mawe, niliwasikia, kwaru, kwaru,
na mkunga akatoa kichwa shimoni
kama jirani aliyesikia ugomvi.

Na yeye kule chini, mita sita,
amelala juu ya hakuna kitu.

Kimya nakijua. Kipo cha mezani,
kipo cha garini,
kipo cha chumba kile tulichokipaka rangi
kikakosa mwenyewe.
Hiki hakikuwa hicho.

Pumzi yake ikaanza kupanda.
Viputo, vidogo kama dengu vilipomtoka,
vikanenepa njiani, vikawa uyoga,
vikawa visahani vya fedha vinavyotetemeka,
vikanifikia tumboni, kifuani, kooni,
vikapasuka hapo, vikinitekenya.
Miaka ishirini na sita nalala ubavuni pake
na pumzi yake haijapata kunigonga hivi:
moja, na nyingine, bila haraka,
yupo, yupo, bado yupo.
Barakoa ilikuwa imejaa hadi machoni.
Sikuinua kichwa. Chumvi ipi ilikuwa ya nani, sijui.

Ufukweni, alama ya mpira imemzunguka uso,
milima ya Saudia ikigeuka waridi nyuma yake,
alizungumza mfululizo juu ya chewa mmoja mnene
aliyemkagua kama afisa wa kodi.
"Na wewe uliona nini?"
"Viputo."
Akacheka. Alidhani namtania.

Usiku, bafuni, kwa wembe wa hoteli,
nikaanza na upande wa kushoto.
Paka mmoja alikuwa dirishani, akashuhudia.
Ngozi iliyokuwa chini yake ilikuwa changa,
kama ya mtu niliyemwazima kitu zamani.

Nikazima taa. Nikapanda kitandani,
mdomo wa juu ukiona baridi.
Mkono wake ukaja gizani, ukapapasa,
ukafika pale, ukasita.
"Wewe nani?"
"Mtu wa saa moja asubuhi," nikasema.
"Wa somo la kwanza."