Kijiti cha Torsten

Niko kwenye foleni ya duka la dawa, Gävle,
namba sabini na nne mkononi,
theluji inayeyuka juu ya viatu vyangu,
spika ya darini inapouanza.

Si sisi. Ni msichana.
Anaimba kama anayesema na mto wake wa kulalia,
piano moja tu, polepole,
vidole vinapapasa ukuta kutafuta swichi ya taa.
Wimbo wetu ulikuwa dakika mbili na sekunde kumi na moja.
Huyu amepita dakika ya pili
na bado hajatoka ubeti wa kwanza.

Sisi tuliukimbiza. Naomba ieleweke kwa nini.
Mwaka sitini na saba, chumba cha chini ya duka la viatu,
tunalipa kwa saa,
na Gunvor alikuwa na zamu ya saa nane
kiwanda cha karatasi.
Aliimba na koti begani.
"Mara moja tu, Ulf. Ukikosea, shauri yako."
Magazeti yakaja kuandika: furaha isiyozuilika.
Haikuwa furaha. Lilikuwa basi.

Ubeti wa pili, Torsten akaangusha kijiti.
Nilikisikia masikioni:
pigo moja halipo,
pengo, kama la jino,
halafu Gunvor akacheka kidogo
katikati ya neno "kesho",
akaendelea.
Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.
Mkanda ulikuwa ghali. Pakacha lilivuja, nikaona nafuu.
Sikubonyeza.
Ukitaka kujua nimefanya nini katika muziki,
ndicho hicho: sikubonyeza.

Torsten hakunisamehe.
Redio ikiupiga, anaizima kabla ya ubeti wa pili.
Harusini kwa binti yake ulipopigwa
alitoka nje kuvuta sigara,
naye havuti.

Wakaja wengine kuuimba upya.
Wa disko, na tarumbeta kumi.
Vijana wa magitaa ya kelele, wenye hasira na jambo
ambalo wimbo haukulitaja.
Kwaya ya watoto, kwa ajili ya tangazo la bima.
Wote waliziba pengo.
Walilipiga lipu, wakapaka rangi,
na kila mara Torsten alinipigia simu:
"Unasikia? Hivyo ndivyo ulivyotakiwa uwe."
Machi iliyopita simu hizo zikakoma.

Sasa huyu mtoto na piano yake.
Sijui kwa nini nilimpigia Gunvor.
Niliinyanyua simu kuelekea darini
kama mpumbavu, watu wananitazama,
bibi mwenye mbwa akasogea pembeni.
Nikairudisha sikioni.
"Nani huyo?" Gunvor akauliza. "Anachelewa. Basi litamwacha."

"Subiri," nikasema.

Ubeti wa pili.
Hakuna ngoma humo, hakuna kijiti cha kuanguka,
na bado, mahali pale pale,
piano ikanyamaza kwa pigo moja.
Mtu alikaa usiku na vipokea sauti vyake
akalisikia pengo letu,
akalipima kwa uangalifu wa fundi saa,
akaamua: hili nalo ni wimbo.

Msichana hakucheka. Alivuta pumzi.
Aliyecheka alikuwa Gunvor,
miaka themanini na mbili, kwenye simu,
kidogo tu, ndani ya "kesho",
wala sidhani alijua kwamba amecheka.

"Sabini na tisa," mfamasia akaita.
Nilikuwa nimepitwa.
Nikaenda mashineni,
nikachukua namba nyingine.