Mbili Nukta Kumi

Swali ni la darasa la tano:
ipi kubwa, mbili nukta tisa
au mbili nukta kumi?

Ishbel Croll alilijibu saa tisa usiku,
peke yake kwenye bohari la chumvi, Forfar,
glovu moja mkononi, nyingine mdomoni,
na kwenye skrini matoleo yetu mawili
yamekaa bega kwa bega kama pacha waliovalishwa sare.
Akamkumbuka mwalimu wake wa hesabu.
Akachagua tisa.

Alikuwa sahihi.
Hilo ndilo linaloniuma.

Sisi wa Dundee, ghorofa ya tatu juu ya duka la mazulia,
hatukuwa tukihesabu kama mwalimu.
Kwetu ile nukta ilikuwa uzio tu:
huku mbili, kule kumi,
na kumi huja baada ya tisa
kama mtoto wa kumi anavyokuja baada ya wa tisa.
Nani alimwambia Ishbel?
Maelezo ya toleo niliyaandika mimi.
Niliandika: maboresho madogo madogo.

Dogo mojawapo lilikuwa barabara.
Kilima cha kwenda Letham,
tisa ilikisahau, kumi ikakikumbuka.
Malori ya chumvi yakafuata ramani ya tisa,
yakapita chini ya kilima, taa za njano zikizunguka,
na alfajiri lori la maziwa likalala ubavu.
Dereva alivunjika mtulinga.
Maziwa yakatambaa juu ya barafu,
nyeupe juu ya nyeupe,
hujui moja inaishia wapi.

Kikao. Chai, biskuti.
Bwana Lamond akasema tuachane na namba,
tuyape matoleo majina ya ndege.
Akaandika ubaoni: Mwewe. Bundi. Shakwe.
Watu wakatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.
Jina jema hung'ara gizani, ndivyo nilivyolelewa,
lakini nikamwona Ishbel na glovu yake mdomoni
akijiuliza nani kazaliwa kwanza, bundi au shakwe.

Nikasema: tarehe.
Kijana wa mauzo akakohoa. Mteja wetu wa Vermont
akiona tatu kisha nne
anasoma Machi, sisi tunasoma Aprili.
Basi mwaka utangulie, nikasema, kisha mwezi, kisha siku,
kama unavyomwelekeza mgeni:
mtaa kwanza, ndipo nyumba, ndipo mlango.
Na pembeni neno moja la kilichobadilika.
Barabara. Siyo maboresho.

Nilijiona mwerevu,
mimi ambaye wiki ya lugha yangu
huhesabu mosi, pili, tatu, nne, tano,
ikifika Alhamisi inasema tano tena, kwa Kiarabu,
na Ijumaa inakataa kabisa kuwa namba.
Sijawahi kusikia mtu akilalamika.
Aliyezaliwa ndani ya kasoro haioni.
Anayejikwaa ni mgeni,
usiku, mwenye lori la kupakia.

Nilimpigia Ishbel kumwomba radhi.
Hakutaka radhi, wala habari za mwaka na mwezi.
"Nataka kujua kitu kimoja," alisema.
"Hii ndiyo ya usiku wa leo, au siyo?"

Siku hizi jina la faili linaanza na mwaka,
na yeye kabandika utepe juu ya skrini,
kalamu nene, herufi kubwa:
YA CHINI KABISA NDIYO.
Utepe ule ananiamini mimi kuliko ninavyojiamini.

Jioni ya kikao mama alipiga kutoka Tanga.
Saa ngapi huko?
Saba, nikasema, macho kwenye saa ya ukutani ofisini.
Akanyamaza. Nilisikia redio yake,
na kijiko kikigonga kikombe.
"Saba yenu," akauliza, "au saba yetu?"