Vichupa Vinne

Kazi yangu ni kupima watu.
Kiuno, bega, kifua, urefu wa mkono,
futi shingoni, pini mdomoni,
miaka kumi na mmoja sasa, ghorofa ya pili, Kariobangi Light,
chumba cha vyerehani vitano na dirisha moja
tulilolipiga misumari mwaka ule wa wezi.

Kerubo alipokohoa tulisema ni vumbi la vitambaa.
Machi tukasema ni ile jinzi nyeusi, ina manyoya.
Mei sketi yake ikaanza kumzunguka kiunoni;
nikamkunjia inchi moja kila upande
na sikuuliza.
Fundi mzima, na sikuuliza.

Ikafika zamu yangu ya kupimwa.
Sista Nanjala akanichoma kidogo chini ya ngozi,
akaniita siku ya tatu, akatoa rula
ya plastiki, ya mtoto wa shule.
Uvimbe: milimita kumi na nne.
Alikuwa anaandika alipougeuza mkono wangu wa kushoto,
akaliona kovu, akaweka kalamu chini.

"Hili ni la lini?"
Nikampigia Mama, Kathiani.
"Ulikuwa na siku tisa. Nilikubeba hadi misheni, na mvua.
Kilitoa usaha mwezi mzima, baba yako akaapa
hapa hachomwi mtoto mwingine.
Walichomwa wote wanne."
Akacheka, na salio likaisha.

Ngozi, akasema Nanjala, ina kumbukumbu
lakini haina majina.
Huvimba kwa chanjo, huvimba kwa ugonjwa.
Yaweza kuwa ni misheni. Yaweza kuwa ni Kerubo.
Tuiulize damu.

Vichupa vinne, vifuniko vya rangi;
nikavitazama nitazamavyo nyuzi.
Cha kijivu hakina kitu: damu inaachwa na nafsi yake.
Cha kijani na cha manjano vina vipande vya kijidudu,
vile ambavyo sindano ya misheni
haikuwa navyo hata kimoja.
Cha zambarau ni cha kuigutusha tu,
tujue kimya chake ni kimya
au ni usingizi.

Usiku huo mimi nililala Huruma,
damu yangu ikalala Ngara,
ndani ya kijikabati chenye joto la mwili
bila mwili.
Sijui ilisema nini na nani.
Mimi nilihesabu mabati.

Jibu lilikuja Alhamisi, karatasi moja, limekunjwa vibaya.
Kijivu kimenyamaza.
Zambarau kimeitika.
Kijani kimejibu. Manjano kimejibu.
Picha ya kifua ni safi, akasema, yaani kimelala,
na tutakimaliza kingali kitandani:
vidonge kila Ijumaa, Ijumaa kumi na mbili,
na mkojo wako utakuwa rangi ya chungwa, usiogope.
Niliogopa hata hivyo.

Mama akauliza taratibu, kwa sauti ya mtu anayedaiwa:
"Kwa hiyo ile sindano ilikuwa bure?"
Nikatafuta neno, nikalipata kazini.
Mama, ile ilikuwa nguo ya mtoto.
Ilinitosha nilipokuwa mtoto,
baridi ikapita mlangoni isiingie.
Nani hulaumu nguo ya mtoto
kwa kutomfika mtu mzima magotini?
Hakujibu. Nilimsikia akifukuza kuku.

Jumamosi nilikwenda mapema, peke yangu,
na nyundo ya kuazima.
Misumari sita. Wa tano ulivunjika kichwa.
Dirisha lilipofunguka, manyoya ya jinzi
yaliinuka mezani yote kwa pamoja,
yakasimama kwenye mwanga kama yanauliza njia.

Kerubo alirudi Septemba, barakoa mfukoni,
sketi ileile, vifungo vimekaza.
"Nimenenepa," akasema, kama anayekiri kosa.
Nikampima. Sikumwamini, nikampima tena.
Nikafumua mshono wa kulia wote,
wa kushoto nusu.
Nusu iliyobaki nimeiacha,
tuone Desemba.