Mstari Mzima

Kila Jumanne Kamanda Anaeli hushuka Moshi toka Kirua
na daftari lililofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Mimi huchapa. Mia tano kwa ukurasa.

Nimeshachapa unene wa mabamba, idadi ya ribiti,
mizinga miwili, na lile kosa la usukani
lililoipeleka manowari mwambani.
Bahari sijawahi kuiona. Tezi na omo
nilidhani ni majina ya watu.

Leo amekaa kiti cha wateja,
kofia gotini, tope jekundu viatuni.
"Makaa waliyapima," anasema. "Tani tisini na mbili.
Walioyatia motoni hawakuwaandika."
Miaka kumi na mitatu ya kugonga milango
imempa majina manne,
na la nne ni nusu: Ndeta,
kisha mchwa wamekula karatasi.

"Niache nafasi?"
"Acha. Mstari mzima."

Nikabonyeza. Umeme ukakatika, kioo kikawa cheusi,
yeye akaanza kuwataja upya, polepole,
kama anayeita watu waje kula.
Alipofika kwa wa nne
akasema nusu ile, akanyamaza
urefu wa mstari mzima.

Kinyozi wa jirani akawasha jenereta.