Kilowati za Jumapili

Jumapili, saa nne usiku, Kampemba.
Kiwanda cha sabuni kimefungwa tangu jana mchana,
mashine zimelala, mikanda imelegea,
na mita ukutani inaandika:
kumi na moja. Kumi na moja. Kumi na moja na nusu.
Nauliza giza: nani anakula humu
na wenye nyumba wamekwenda kusali?

Patroni alinipokea Ijumaa kwa mashaka.
Alisoma jina langu kwenye barua, akacheka: "Mujinga?
Nimemlipa mjinga aje anifunze akili?"
Nikamjibu: kwetu Mujinga ni mtoto
aliyezaliwa kamba ya kitovu imemzunguka shingo,
aliyefika duniani amekwisha kuzingwa.
Akanyamaza. Akanipa funguo,
akanisogezea rundo la faktura za umeme
kama mtu anayemwonyesha daktari kidonda
huku akitazama pembeni.

Nachovya brashi katika sabuni yao wenyewe,
napaka viungo vya bomba la hewa, kimoja kimoja.
Kiungo kizima hukaa kimya.
Kibovu hutoa povu, linavimba, linatetemeka,
jicho la kioo linalonitazama
kisha linapasuka.
Tundu lisilopitisha hata punje ya hindi
linameza kilowati tatu, usiku na mchana,
na kompresa inahema kulijaza
kama mama anayechota maji kwa kapu.

"Hilo nalisikia tangu mwaka wangu wa pili,"
asema Kapya, sentineli, tochi kwapani.
"Likilia hivi, ssss, najua kompresa itaamka.
Nahesabu. Ikiamka mara mia, kumekucha."
Na hukumwambia mtu?
"Hakuna aliyeuliza, mama. Mimi nilipewa geti."

Naandika.
Mota ya farasi hamsini, inakoroga kazi ya farasi kumi na tano.
Taa tisa za bohari, zinawamulikia panya.
Kabati la kondensa: zimevimba, zimekufa,
na faini yake huja kila mwezi
imejificha mstari wa saba wa faktura,
pale ambapo jicho la patroni huchoka.

Halafu nainua kamera ya joto.
Paa ni buluu nzito, ukuta zambarau,
na nyuma ya boila, bomba la mvuke, jeupe,
mita sita uchi,
ganda lake lilivuliwa na fundi
aliyekwenda Kolwezi akasahau kurudi.
Chini yake kigoda. Kikombe cha chai.
Katoni iliyokunjwa umbo la mgongo.

Mwezi wa saba huu. Nje baridi inauma meno.
Kapya ananyoosha viganja kwenye weupe ule,
vinawaka ndani ya kioo changu, rangi ya chungwa.
"Na hili nalo linavuja?"
Linavuja.
"Linavujia kwangu," asema,
na hakusema zaidi.

Ripoti ina kurasa arobaini na mbili.
Ukurasa wa thelathini: bomba la mvuke,
lizingwe kwa pamba ya mawe na bati,
gharama itarudi kwa miezi minne.
Hesabu ni safi, niliirudia mara tatu
nikitumaini kukosea.
Mimi niliyezaliwa nimezingwa
nazinga bomba, namvua mtu.
Chini ya jedwali nikaongeza mstari:
koti moja zito, la sentineli.
Safu ya akiba nikaiacha wazi.

Jumatano patroni alipiga simu.
Matundu, ndiyo. Taa, ndiyo. Bomba, kesho.
Kondensa zingoje, fedha haipo.
Akakohoa.
"Na hili koti. Saizi gani?"

Nilipekua daftari, ukurasa baada ya ukurasa:
ampea, nyuzi, pau, mzunguko kwa dakika,
unene wa kila bomba kwa milimita.
Mabega ya Kapya
sikuwa nimeyapima.