Nakala Moja

Runne alianza kupofuka gizani,
na huku kwetu giza hukaa miezi miwili.
Nani angejua?
Jua lilizama mwisho wa Novemba, halikuaga.
Mimi nilivaa taa yangu ya kichwani,
yeye akaenda kwa pua, kwa masikio,
kwa kukumbuka kila kisiki.
Nikimmulika, macho yalirudisha mwanga wa kijani,
mpana kuliko wa mbwa yeyote wa bonde lile.
Nikamwita Oula: njoo uone macho ya mbwa wangu yanavyowaka.
Kumbe nilikuwa nausifia ugonjwa.

Februari, theluji nyeupe mpaka inauma,
alimpita kulungu aliyesimama hatua tatu kutoka kwake,
akajigonga paji la uso kwenye nguzo ya zizi,
nguzo aliyoikojolea miaka minne,
kisha akaitikisia mkia, kama anayeomba radhi.

Daktari wa Ivalo alitaja jina refu.
Nilishika neno moja: urithi.
Baba alitoa nusu, mama akatoa nusu,
nao wenyewe walikufa wakiona vizuri.
Mtoto wa nyoka ni nyoka, sawa;
lakini hapa macho manne mazima
yalizaa upofu.

*

Kerttu wa Sodankylä hauzi mbwa kabla ya kahawa.
Watoto watano sakafuni, mmoja kalala ndani ya kiatu changu.
Makaratasi ya maabara ameyabana kwa kopo la siagi:
aliwasugua mashavuni kwa kijiti cha pamba,
akatia kwenye bahasha, akabandika stempu,
akasubiri wiki tatu.
Nyonga za mama zimepigwa picha. Nikaiinua dirishani:
mifupa imekaa vikombeni mwake
kama yai kiotani.

Baba: safi. Mama: mbebaji.
Watoto: watatu safi, wawili wamebeba.
Juu ya neno "safi" palikuwa na alama ya kidole chenye siagi.

"Babu yangu hakupima," nikasema, ili tu niseme kitu.
"Aliangalia nani anarudi na kundi."
Kerttu akachovya biskuti.
"Na asiyerudi?"
Nikakumbuka ukuta wa nyuma wa ghala,
ambako sisi watoto hatukuruhusiwa kucheza.
Babu naye alikuwa na maabara yake.

Sikuja kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nilijua ninachotaka:
jike, wa kahawia, mwenye karatasi isiyo na doa.
Ndiye yule wa kiatuni. Akaendelea kulala.
Mweusi, mwenye soksi moja nyeupe, aliiba glavu yangu,
akaiburuta hadi chini ya jiko,
akageuka kuona kama namfuata.

"Huyo ana nakala moja," Kerttu akasema.
"Moja haipofushi. Atakuona mpaka siku yake ya mwisho.
Ila ukimtafutia mchumba, uliza kwanza makaratasi ya mchumba."

Nakala moja.
Mama alianza kusahau majina yetu akiwa na miaka hamsini na miwili.
Mimi nina hamsini.
Hakuna aliyenisugua shavu,
na sijaomba kijiti.

Nikalipa. Glavu alibaki nayo yeye.

*

Usiku, Runne alimnusa kuanzia soksi hadi masikio,
akakohoa, akamwachia nusu ya mkeka.
Nilichukua tochi. Nilijiambia sitafanya, nikafanya.
Macho ya mtoto yakarudisha mwanga mdogo,
wa kawaida, mwanga wa mbwa yeyote.
Nikauangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa,
mpaka akapiga chafya.

Nikazima.